Kumlinda Farasi wa Nasaba Baada ya Kuuzwa na Wakati wa Kumwokoa: Mwongozo kwa Wenye Farasi wa Lubumbashi

Farasi ni wachache Lubumbashi, na wale wa nasaba nzuri ni wachache zaidi. Wengi wao walitoka kusini, wakapakiwa kwenye lori, wakapita mpaka wa Kasumbalesa kuingia Kongo wakiwa na karatasi zao zote: jina la baba, jina la mama, namba ya usajili, cheti cha daktari wa mifugo. Mwenye farasi mara nyingi ni mtu aliyekuja kwa kazi ya migodi au biashara, na mkataba wake wa kazi unapokwisha anauza gari, samani na farasi ndani ya wiki mbili. Gari hupata mnunuzi anayejua gari. Farasi, ambaye angehitaji mnunuzi anayemjua vizuri zaidi, humwangukia yeyote mwenye fedha mkononi siku hiyo.

Ninaandika mwongozo huu kwa sababu niliwahi kumwona farasi jike wa namna hiyo katika ua mmoja upande wa barabara ya Kipushi, miezi minane baada ya kuuzwa. Mbavu zake zilihesabika ukiwa getini. Tulimchukua jioni ile, tukampa ndoo nzima ya mahindi kwa huruma, akala yote, na siku ya nne akafa. Sikujua wakati ule kwamba chakula chetu ndicho kilichommaliza. Ningekuwa na maelezo yaliyomo hapa chini, pengine angeishi.

Wala mambo haya si ya hapa peke yake. Farasi aitwaye Ferdinand alishinda mbio kubwa za Kentucky Derby mwaka 1986, akatajwa farasi bora wa mwaka 1987 Marekani, na katika mashindano yake alipata karibu dola milioni 3.8. Mwaka 1994 alipelekwa Japani kuwa dume wa kuzalisha, akapita katika mikono mingine, na mwaka 2002 akachinjwa bila wamiliki wake wa zamani kuarifiwa. Kama farasi mwenye jina kama hilo aliweza kupotea kati ya muuzaji na mnunuzi, basi farasi wetu wasiojulikana na mtu wanahitaji kulindwa kwa maandishi na kwa kufuatiliwa.

Hatua ya 1: Thibitisha utambulisho wake kabla ya kutaja bei

Farasi asiyeweza kutambulika hawezi kudaiwa. Mwite daktari wa mifugo mwenye kisomeo asome chipu, ambayo kwa kawaida huwekwa ndani ya shingo upande wa kushoto na huwa na namba yenye tarakimu 15, kisha uilinganishe na ile iliyoandikwa katika pasipoti ya farasi. Kama hana chipu, awekewe kabla ya kuuzwa, wala usikubali kuambiwa kwamba mnunuzi atafanya hivyo baadaye. Piga picha za upande wa kulia, wa kushoto, mbele, nyuma na za kila mguu, zikionyesha mabaka meupe na mizunguko ya manyoya usoni na shingoni, kwa kuwa mizunguko hiyo haibadiliki hata farasi akikonda au manyoya yakipauka.

Andika pia uzito wake wa siku hiyo. Mizani ya farasi ni vigumu kuipata hapa, lakini utepe wa fundi cherehani unatosha. Pima mzingo wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako nyuma, vyote kwa sentimita. Zidisha mzingo kwa mzingo, zidisha kwa urefu, halafu gawanya kwa 11,880. Farasi mwenye mzingo wa sentimita 180 na urefu wa sentimita 165 atakuwa na kilo 450 hivi. Miezi sita baadaye, akipimwa vilevile na kuonekana ana kilo 370, hakuna atakayeweza kusema kwamba alikuwa hivyo tangu mwanzo.

Zaidi ya uzito, jifunze kupima hali ya mwili kwa mkono. Kipimo kinachotumiwa sana kilitungwa na Henneke na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas A&M na kutangazwa mwaka 1983. Kinaanzia 1, farasi aliyebaki mifupa, hadi 9, farasi mnene kupita kiasi. Unapapasa shingo, mabega, kigongo cha juu ya mabega, mbavu, mgongo na shina la mkia. Farasi wa daraja la 5 mbavu zake hazionekani lakini ukipitisha kiganja unazihisi bila kukandamiza. Usitegemee macho peke yake, kwa kuwa manyoya marefu ya msimu wa baridi kavu huficha mengi.

Hatua ya 2: Nenda ukaone mahali atakapoishi

Mnunuzi akikataa kukuonyesha banda, usiuze. Akikubali, usitazame rangi ya ukuta. Tazama maji na nyasi. Farasi wa kilo 450 hadi 500 hunywa lita 25 hadi 45 kwa siku, na zaidi kukiwa na joto au akifanya kazi. Katika mitaa ambayo bomba hutoa maji siku mbili kwa wiki, uliza wazi yatahifadhiwa wapi na nani atayabeba. Kwa chakula, farasi huyo anahitaji nyasi kavu au majani yenye uzito mkavu wa kati ya asilimia 1.5 na 2 ya uzito wake, yaani kilo 7 hadi 10 kila siku, mwaka mzima. Uliza nyasi za mwezi wa Agosti zitatoka wapi, maana kuanzia Mei hadi Septemba mvua hazinyeshi na malisho yanayozunguka mji hugeuka makapi yasiyo na lishe.

Kisha zungumza na mtunza farasi, ambaye hapa wengi humwita palefrenye, na uzungumze naye bila mwajiri wake kusimama karibu. Muulize amefanya kazi na farasi miaka mingapi, analipwa kila mwezi au siku bwana akikumbuka, na anampigia nani simu farasi akilala chini akigaagaa. Nimejifunza kuyaamini majibu ya mtu huyu kuliko ya mnunuzi. Mzee mmoja aliyetunza farasi kwa miaka mingi aliniambia kwamba mshahara wake ukichelewa miezi mitatu, yeye huanza kutafuta kibarua kingine mchana, na farasi hula mara moja kwa siku. Sioni sababu ya kumlaumu. Ila kama wewe ndiye muuzaji, jambo hilo ni lako kulijua kabla.

Hatua ya 3: Andika mkataba unaoendelea kuishi baada ya fedha kulipwa

Risiti yenye bei na sahihi mbili haimlindi farasi. Sheria yetu ya mikataba, dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, inasema katika kifungu cha 33 kwamba makubaliano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa wale walioyafanya. Maana yake ni kwamba masharti utakayoyaandika yana nguvu, mradi yawe wazi na yakubaliwe kwa hiari.

Sharti la kwanza ni haki ya kumnunua tena: mnunuzi akitaka kumuuza, kumgawa au kumhamisha nje ya mji, akupe taarifa ya maandishi siku 30 kabla, nawe uwe wa kwanza kuulizwa, kwa bei iliyokwisha kutajwa katika mkataba. Bei hiyo itajwe leo, kwa sababu ukiiacha wazi, siku ile utaambiwa kiasi usichoweza.

Sharti la pili ni haki ya kumtembelea, pamoja na daktari wa mifugo ukitaka. La tatu ni kiwango cha utunzaji kinachopimika: hali ya mwili isishuke chini ya daraja la 4, kwato zikatwe kila baada ya wiki 6 hadi 8, meno yakaguliwe walau mara moja kwa mwaka, chanjo zisikatizwe. Neno kama "atatunzwa vizuri" halimfungi mtu, kwa sababu kila mtu huamini kwamba anatunza vizuri.

La nne ni lile ambalo wauzaji wengi hulisahau. Mkataba hukufunga wewe na mnunuzi wako, haumfungi mtu wa tatu ambaye hakuutia sahihi. Mnunuzi wako akimuuza farasi kwa siri, huwezi kwenda kwa yule mwingine na karatasi yako ukatarajia akukabidhi. Kwa hiyo andika kiasi cha fedha ambacho mnunuzi atalazimika kukulipa akimwuza bila kukuarifu, na umtake awahamishie masharti yaleyale watakaomfuata. Kiasi hicho kiwe na uzito wa kumfanya mtu afikiri mara mbili.

Njia iliyo salama zaidi kwa maoni yangu, hasa kwa farasi jike wa nasaba au dume anayeweza kuzalisha, ni kutomuuza moja kwa moja. Mkabidhi kwa miezi 6 huku umiliki na pasipoti ya asili vikibaki kwako, mpokeaji agharimie chakula na matibabu, na mauzo yakamilike tu baada ya muda huo kwisha na farasi kukaguliwa. Anayekusudia kumtunza kweli hana cha kupoteza kwa kusubiri.

Mkataba uandikwe kwa Kifaransa kwa ajili ya ofisi, na kwa Kiswahili ili kila anayemgusa farasi aelewe kilichoahidiwa. Watie sahihi mbele ya mashahidi wawili, kisha upelekwe kwa notere, yaani ofisa wa kuthibitisha hati. Usisahau kuiandikia taasisi inayotunza kitabu cha usajili wa nasaba yake ili mabadiliko ya umiliki yaingizwe. Farasi ambaye kitabu bado kinamtaja mwenyewe wa miaka kumi iliyopita hana mtu wa kuulizwa.

Hatua ya 4: Fuatilia, hasa miezi mitatu ya kwanza

Mtembelee siku ya 7, siku ya 30 na siku ya 90, halafu kila baada ya miezi mitatu. Kama umehama nchi, mteue mtu wa hapa kwa maandishi na mlipe nauli yake. Picha za simu husaidia, lakini zipigwe kwa ubavu na kwa nyuma, farasi akiwa amesimama sawa bila blanketi wala tandiko. Anayekutumia picha za uso peke yake kila mara, mtembelee mapema.

Hatua ya 5: Unapokuta ametelekezwa

Kabla ya kukasirika, uliza. Baadhi ya watu niliowakuta na farasi waliokonda hawakuwa wakatili. Walikuwa wamefilisika na kuona aibu, au hawakujua kabisa kwamba farasi hawezi kuishi kwa pumba. Watu wa namna hii hukubali haraka ukiwapa njia ya kutoka yenye heshima: kumrudisha farasi kwa maandishi na kufutiwa madai. Asiyekubali, kusanya ushahidi kwa utaratibu: picha zenye tarehe, vipimo vya utepe, ripoti ya daktari wa mifugo, na ushuhuda wa mtunza farasi kama yuko tayari. Peleka vyote kwa ukaguzi wa mifugo wa serikali na kwa wakili, mkononi ukiwa na mkataba wako. Usimtoe usiku kwa kuruka ukuta. Utageuka mshitakiwa, naye farasi atarudishwa alikotoka.

Fedha ya kumkomboa isiwe kubwa kuliko bei yake ya haki. Yakijulikana kwamba waokoaji hulipa sana kwa farasi aliyekonda, kutakuwa na watu wa kuwakondesha.

Hatua ya 6: Siku ya kumwokoa

Asisafirishwe kabla ya kukaguliwa. Farasi mzima aliyetulia ana joto la nyuzi 37.5 hadi 38.5, mapigo ya moyo 28 hadi 44 kwa dakika, na hupumua mara 8 hadi 16. Bonyeza ufizi kwa kidole kisha uachie: rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Ufizi mweupe au wa manjano unaweza kuonyesha upungufu wa damu, na kwa farasi aliyejaa kupe fikiria homa ya kupe inayoharibu chembe za damu. Weka sikio ubavuni. Tumbo lililo kimya kabisa ni dharura.

Mji wetu una bahati ambayo miji mingi ya Kongo haina: Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha tiba ya mifugo. Tafuta daktari mapema, kabla ya kukodi lori.

Mpe maji safi kidogo kidogo, lita chache kila baada ya dakika kumi na tano mpaka kiu ipungue, kisha yawepo daima. Ndani ya lori asifungwe kichwa juu, kwa kuwa farasi asiyeweza kuinamisha kichwa hashushi uchafu wa njia ya hewa na mapafu yake huingia maambukizi. Akifika, akae peke yake kwa siku 21 hadi 30, na ndoo zake, kamba zake na mtu wake, mbali na farasi wengine.

Hatua ya 7: Kumlisha, mahali ambapo huruma huua

Mwili ulionyimwa chakula kwa miezi huishi kwa kula mafuta yake na baadaye misuli yake. Ukiupa ghafla nafaka, molasi au kitu chochote chenye wanga na sukari nyingi, homoni ya insulini hupanda kwa kasi na kuyavuta madini ya fosforasi, potasiamu na magnesiamu kutoka katika damu hadi ndani ya chembe za mwili. Damu ikiishiwa madini hayo, moyo, mapafu na figo hushindwa. Farasi huonekana amepata nafuu siku mbili za kwanza, halafu mara nyingi huanguka kati ya siku ya tatu na ya tano. Hivyo ndivyo alivyokufa yule wa barabara ya Kipushi.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis, akiwemo Carolyn Stull, walilinganisha vyakula mbalimbali kwa farasi waliodhoofika na wakaona kwamba lusani kavu, majani ya malisho ya jamii ya kunde ambayo hapa huitwa kwa jina la Kifaransa luzerne, ndiyo iliyofaa zaidi, kwa sababu ina protini nzuri na madini mengi, na wanga wake ni mdogo. Utaratibu wao, kwa farasi wa umbo la kilo 450 hivi, ni huu. Siku tatu za kwanza mpe karibu nusu kilo ya lusani kila baada ya muda wa saa nne, usiku na mchana, jumla isizidi kilo 3 kwa siku. Kuanzia siku ya nne ongeza polepole na upanue nafasi kati ya milo, hivi kwamba siku ya sita apate karibu kilo 2 kila baada ya muda wa saa nane. Siku ya kumi ikipita salama, mpe lusani kadiri anavyotaka kwa milo miwili, pamoja na chumvi ya kulamba. Nafaka asipewe mpaka apone vya kutosha. Atakutazama, atagonga mlango kwa kwato, na watu wa nyumbani watakuita mkatili. Vumilia. Kurudisha uzito wake kutachukua miezi 3 hadi 5, wakati mwingine zaidi.

Lusani haipatikani kila siku hapa, nayo ni ghali. Anayetarajia kuokoa farasi aweke robota chache mahali pakavu kabla hajamhitaji. Ukikosa kabisa, tumia nyasi kavu laini zilizokatwa kabla ya kuzeeka, kwa utaratibu uleule wa milo midogo, na daktari apime madini ya damu kama anaweza.

Kuna vyakula vitatu vya hapa kwetu ambavyo navikataza bila kubakiza. Mahindi yenye ukungu ni cha kwanza: ukungu wa jamii ya Fusarium hutoa sumu inayoozesha ubongo wa farasi, na hakuna dawa. Mtu anaweza kuyasaga mahindi hayo akadhani unga umesafishika, sumu hubaki. Cha pili ni chakula cha kuku cha dukani, ambacho mara nyingi huchanganywa na dawa za kuzuia koksidia (vijidudu vya utumbo wa kuku) kama monensini. Kiasi kisichomdhuru kuku huua moyo wa farasi. Cha tatu ni pumba za mahindi zikiwa ndicho chakula pekee, kwani fosforasi yake ni nyingi na kalisi ni kidogo, hivyo mwili hunyonya kalisi kutoka mifupani mpaka uso wa farasi unavimba.

Hatua ya 8: Magonjwa, kwato na minyoo, kwa mpangilio

Usimtibu yote siku moja. Dawa ya minyoo isubiri wiki mbili au zaidi na itolewe baada ya kinyesi kuchunguzwa, kwa kuwa minyoo mingi ikifa pamoja huziba na kujeruhi utumbo uliodhoofika. Kinga ya pepopunda ni ya mapema, hasa akiwa na vidonda vya kamba au vya msumari. Kwato zilizorefuka zikatwe kidogo kidogo kwa mara kadhaa.

Hatari kubwa ya msimu wa mvua ni ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi. Kwa farasi wasio na kinga, aina inayoshambulia mapafu inaweza kuua hata 95 kati ya 100. Mwingize bandani saa mbili kabla ya jua kuzama na asitoke mpaka saa mbili baada ya kuchomoza, weka wavu wenye matundu madogo sana madirishani, na usimfunge karibu na matope au maji yaliyotuama. Chanjo inayotumika kusini mwa Afrika hutengenezwa kwa virusi hai vilivyodhoofishwa. Hivyo kwa farasi aliyekonda, daktari ndiye wa kuamua siku ya kuitoa.

Hatua ya 9: Makao mapya

Farasi aliyeokolewa akianza kung'aa, ndipo watu hukumbuka nasaba yake. Simu huanza kuingia: mmoja anataka farasi jike apandishwe, mwingine anataka kulipa vizuri kwa ajili ya karatasi zake. Asipandishwe mpaka amekaa katika daraja la 5 kwa miezi kadhaa, maana mimba hudumu karibu miezi 11 na mtoto hujengwa kwa akiba ya mama ambayo huyu hana. Umiliki wake uandikwe kwanza kwa jina la aliyemwokoa, chipu isomwe upya, vipimo na picha zichukuliwe upya. Anayemtaka arudi katika hatua ya kwanza ya mwongozo huu kama mnunuzi mwingine yeyote, na pasipoti ya asili imfuate farasi siku ile tu miezi sita ya majaribio itakapokwisha.